Nilifuta Jina la Charo, Akauawa Kaka Yangu

Nilikosa. Sitafuti neno laini la kulizungukia. Niliiba barua ya rafiki yangu, nikamvunja taya kwa chuma, kisha nikasema uongo mmoja tu, na uongo ule ukamuua kaka yangu wa tumbo moja. Jina langu sitalitaja. Si kwa kuogopa polisi, hao tulishamalizana zamani. Ni kwa sababu jina hilo ni la marehemu baba yangu pia, na yeye hakukosa.

Mimi ni mtu wa Junda, Kisauni. Baba alifariki ningali mdogo, akanilea kaka yangu Athmani. Athmani alikuwa mwoka mikate. Mikono yake ilijaa makovu ya tanuri mpaka viwikoni. Yeye hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani kwa maalimu, lakini mimi alinipeleka shule mpaka nikamaliza sekondari. Kila nikirudi na ripoti alikuwa akiishika kwa vidole viwili asiipake unga, akasema, "Nisomee." Nami nikamsomea, na palipoandikwa vibaya nikaparuka!

Shuleni niliketi dawati moja na Charo, Mgiriama wa Mtopanga, Mkristo, mtoto wa mkulima wa mihogo. Miaka minne! Tulikula pamoja, tuliugua malaria pamoja. Idi alikuwa kwetu, Krismasi nilikuwa kwao. Mamake alikuwa akiniita mwanangu, na mamangu alikuwa akimwita Charo vivyo hivyo.

Charo alikuwa na Kiingereza ambacho sijasikia kwa mtoto mwingine wa pwani. Akisoma kwa sauti, Mzungu wetu, mwalimu mkuu, aliiweka chaki chini akasikiliza. Alishinda mashindano ya kusoma kwa sauti ya shule zote za pwani. Mimi nilikuwa mtu wa kukariri. Nikiulizwa swali ambalo sikulitarajia, ulimi ulikuwa mzito kama nimetafuna gundi.

Tulipomaliza, Charo alipata kazi ya kufundisha watoto wadogo huko kwao. Mimi nilibaki pale pale shuleni, karani wa ofisi. Nilipiga taipu, niliweka mafaili, nilipeleka barua posta. Mihuri yote ilikuwa mikononi mwangu.

Ilikuwa miaka ile karibu na uhuru, vijana wanakwenda Marekani kusoma kwa ndege nzima nzima. Nasi tukaandika, mimi na Charo, chuo kimoja. Tukajibiwa wiki ile ile moja! Wote wawili tumekubaliwa, ila kuna jambo moja. Kila mgeni sharti afanye mtihani wa Kiingereza, na mtihani hufanyiwa Nairobi. Lakini mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza miaka yote minne aweza kusamehewa mtihani huo, mradi mwalimu wake mkuu aandike barua kushuhudia kwamba kweli anakijua.

Barua moja tu. Karatasi moja!

Mwalimu mkuu aliniita akanitajia maneno ya barua ya Charo, nikaipiga taipu mimi mwenyewe. Alimsifu mpaka nikahisi moto masikioni. Alimtaja kuwa mshindi wa kusoma kwa sauti. Alisema hajapata mwanafunzi kama huyu tangu afike Afrika. Nilipomaliza nikamwuliza, "Na yangu, bwana?"

Alivua miwani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kizungu.

"Wewe nakili vizuri sana. Lakini sema Kiingereza, fikiri Kiingereza, hapana. Wewe nenda Nairobi, fanya mtihani."

"Bwana, mtihani nitaanguka."

"Basi soma mwaka moja zaidi. Mimi hapana andika uongo."

Akatia sahihi barua ya Charo, akanipa niigonge muhuri na kuipeleka posta. Kesho yake akapanda meli kwenda kwao Uingereza kwa likizo ya miezi sita.

Nilikaa na barua ile mezani siku nzima. Halafu nikachukua wembe. Nikalikwangua jina la Charo herufi moja moja, pole pole, karatasi isitoboke. Nikairudisha kwenye taipureta nikapiga jina langu pale pale. Nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Haikuonyesha kitu. Nikaipeleka posta kwa miguu yangu mwenyewe, na wallahi nilikuwa nikipiga mluzi!

Jibu likaja. Nimesamehewa mtihani. Siku ya safari ikatajwa. Athmani aliponisikia aliinama akasujudu pale pale penye unga. Alizunguka Junda nzima kutangaza. Nilikuwa namwona anavyocheka, nami najiambia, Charo ni hodari, atapata njia nyingine.

Charo naye alipata jibu lake: barua yako hatujaipokea, na siku ya mtihani imeshapita. Alikuja kwangu ofisini Jumamosi adhuhuri, shule haina mtu.

"Ndugu yangu, barua yangu imepotea njiani. Hebu nitafutie nakala kwenye faili niipeleke tena."

Nikamwambia nitaitafuta Jumatatu. Akasema sawa. Hakunishuku hata chembe! Ila juu ya meza nilikuwa nimeiacha barua yangu ya chuo, ile ya kunikubali, kwa sababu nilikuwa nikimwonyesha kila mtu. Akaichukua kwa furaha aisome. Akaisoma kwa sauti, kama kawaida yake. Akafika pale walipoandika kwamba wananisamehe mtihani, na kwamba wanasubiri kwa hamu kumpokea mshindi wa kusoma kwa sauti wa shule zote za pwani.

Akaishusha barua.

"Ulishinda lini wewe?" akaniuliza.

Akakwenda kwenye kabati mwenyewe, akavuta faili, akaikuta nakala ya kaboni. Jina lake juu, maneno yale yale chini. Aliitazama, akanitazama. Hakupiga kelele. Laiti angenitukana!

"Nakwenda posta kuwapigia simu ya maandishi," akasema. "Leo hii. Na Athmani nitamwambia mimi mwenyewe, asije akaambiwa na watu."

Ni hilo jina la Athmani lililonitia wazimu. Kengele yetu ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, na chuma cha kuigongea kilikuwa kikiwekwa nyuma ya mlango wa ofisi. Nilikitwaa. Charo alikuwa ameshanipa mgongo. Nilimwita, "Charo!" akageuka, nikampiga nacho usoni.

Nilisikia mfupa. Mpaka leo nausikia. Akainua mkono wa kulia kujikinga, nikaupiga ule mkono, nao ukavunjika. Akaanguka chini, nikampiga tena. Damu ilitapakaa sakafuni na meno ndani yake. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama, hayana hasira, yanashangaa tu. Halafu yakafumba.

Niliichana ile nakala nikaitia mfukoni. Chuma nikakitupa chooni. Nikaosha mikono na sakafu, nikamburuta Charo mpaka njiani nyuma ya ua, kisha nikapiga ukelele.

Siku zile watu walikuwa wamegawanyika juu ya Mwambao. Wako waliotaka pwani ijitenge, wako waliotaka tuwe Kenya moja. Kila baada ya mkutano vijana walikuwa wakivunjana vichwa kwa marungu. Watu walipokuja mbio, wa kwanza alikuwa Kazungu, kakake Charo, mtu wa nguvu, mpasua kuni. Akanishika mabega.

"Nani? Umewaona?"

"Vijana," nikasema. "Vijana wa Mwambao. Wa Junda."

Ndio huo. Uongo wenyewe ndio huo, wala hata sikuufikiria. Ulitoka mdomoni wenyewe.

Charo akapelekwa hospitali, kisiwani. Hakufumbua macho siku mbili. Alipozinduka taya lilikuwa limefungwa kwa waya, mkono umo ndani ya plasta, kusema hawezi, kuandika hawezi. Watu wa Mtopanga walikuwa wakienda kumtazama, wanarudi na macho mekundu.

Siku ya tatu Athmani akaniambia, "Twende tukamwone mwenzio." Nikasema ninapanga safari. Akanikazia macho. "Rafikiyo amelala hospitali, wewe wapanga nguo?" Nikaenda. Nilisimama mlangoni mwa wodi, nikakataa kukaribia, nikajifanya nalia. Athmani aliketi naye saa nzima, akimpepea kwa kofia yake. Charo aliponiona alianza kutikisika mwili wote mpaka nesi akaja. Athmani akadhani ni uchungu wa taya.

Tulirudi kwa baiskeli yake, mimi nimekaa nyuma. Alasiri, jua bado kali. Kikapuni mbele alikuwa na mikate, akasema tupitie Mtopanga tumpelekee mamake Charo, hana wa kumpikia.

Walikuwa wametukalia njiani. Watu kama kumi na watano, mapanga na mashoka ya kuni, na Kazungu mbele yao. Wakaishika baiskeli.

Athmani akasema, "Salamu alekum, jamaa. Twatoka kumwona Charo."

Kazungu hakumtazama. Alinitazama mimi. "Ulisema vijana wa Junda. Wewe ni wa Junda, wawajua wote. Nitajie jina."

Nikaitazama mikate kikapuni.

"Jina moja tu! Mbona hutaji?"

Nikaangalia chini. Msomaji, nakuapia, nilichotakiwa kusema ni neno moja: mimi. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikaangalia chini.

"Kuna mtu unamficha," Kazungu akasema, na sauti yake ikabadilika. "Ni huyu? Ni kakako?"

Kila mtu alijua Athmani amebandika kibendera cha Mwambao mlangoni mwa tanuri lake. Athmani akageuka kunitazama, amekunja uso, anangoja niseme si yeye. Nami nikanyamaza. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Ni huyu!"

Panga la kwanza lilimpata begani. Baiskeli ikaanguka, mikate ikatawanyika mchangani. Athmani alipiga magoti, akanyoosha mkono kunisukuma mimi. Ananisukuma nikimbie! Nikakimbia. Niliingia kwenye mikorosho nikajibanza, nikaziba masikio, na kuziba hakukufaa kitu. Nilisikia vyuma vikiingia. Nilisikia Athmani akiita, "Mama! Mama!" Mtu mzima, mwenye ndevu. Halafu sikumsikia akiita.

Walipotawanyika nikatoka. Shingo ilikuwa imekatwa upande, mkono mmoja umebaki kwa ngozi. Alikuwa bado ana pumzi. Nilimwinua kichwa, damu ikanimwagikia mapajani, ya moto. Midomo ilitikisika, nikainama.

"Umeumia?" akaniuliza.

Ndilo neno lake la mwisho duniani.

Polisi walipouliza nikamtaja Kazungu. Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza kisa kilianzaje, nami sikusema. Usiku ule vijana wa Junda wakaenda wakachoma nyumba tatu Mtopanga, na mzee mmoja kiziwi akaungulia ndani. Naye mwandikieni juu yangu.

Tulimzika Athmani. Treni yangu ilikuwa siku iliyofuata. Nilimwambia mama siendi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso umemvimba, akanishika mkono.

"Nenda, mwanangu. Ndilo jambo alilokuwa akilitaka nduguyo. Usimpotezee."

Nikaenda! Nimevaa koti ambalo Athmani alinishoneshea, nikapanda treni, nikapanda ndege, nikaenda.

Nitawaambia nini juu ya Marekani? Baridi, na maneno yanayopita mbio nisiyoyashika. Wiki ya kwanza mwalimu wa Kiingereza, mama mmoja mpole, alinisimamisha mbele ya darasa. Akawaambia wenzangu huyu ni bingwa wa kusoma kwa sauti, akanipa kitabu. Nilisoma mistari minne. Wengine wakacheka, wengine wakainamisha vichwa kwa kunionea aibu. Mwezi wa pili wakanifungia chumbani peke yangu na mtihani ule ule niliosamehewa. Nikaanguka vibaya. Wakamwandikia mwalimu mkuu, naye akajibu kwamba hakuniandikia barua yoyote, aliyeandikiwa ni Charo. Wakanirudisha.

Nilishuka Mombasa siku za mfungo. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Mtopanga moja kwa moja, nikamkuta Charo nje ya kibanda chao. Uso ulikuwa umepinda upande. Mate yalikuwa yakimtoka bila yeye kujua, ana kitambaa cha kujifutia. Alipofungua kinywa maneno yalitoka yamepondeka, ilibidi nikaze masikio.

Nikamwuliza, "Mbona hukunisema? Mkono wako ulipona, ungeandika."

"Nilimwandikia mama," akasema. "Mama akanikataza. Alisema Athmani amekufa, Kazungu yuko jela, mzee ameungua. Tukisema sasa, watachinjana tena." Akajifuta. "Mzungu ameniandikia barua nyingine. Chuo kimenisamehe mtihani mara ya pili. Lakini kinywa hiki nikipeleke wapi?"

Nikamwambia anipige. Nilimletea panga la mamake, nikapiga magoti. Akalichukua, akalitupa uani kwa kuku.

"Mamako anajua?"

"Hajui."

"Basi hujafanya kitu kuja kwangu," akasema, akaingia ndani akafunga mlango.

Nikaenda Junda. Mama alikuwa akitwanga. Alipiga vigelegele aliponiona, akaacha mchi, akataka kunikumbatia. Nikamwambia, "Ngoja, mama." Nikasema yote nimesimama. Wembe, chuma, neno nililomwambia Kazungu, na neno nililokosa kusema pale njiani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Athmani alikutazama umtetee?"

"Naam, mama."

Aliuokota mchi akanipiga nao. Mama mtu mzima, mwili mdogo, alinipiga mbavuni, mgongoni, kichwani, na kila pigo anasema jina lake: Athmani! Athmani! Majirani wakaja kumzuia, akawauma. Mbavu mbili zilivunjika. Nilipokuwa sijiwezi, akavaa buibui lake, akanishika kifundo cha mkono, akanikokota kwa miguu mpaka kituo cha polisi. Akamwambia askari, "Huyu ndiye. Mwandikeni." Akatoka bila kugeuka.

Nilihukumiwa miaka sita kwa kujeruhi na kughushi. Kazungu alikuwa amepewa kumi na minne, na tulikuwa jela moja, uwanja mmoja wa kupasua mawe. Aliponiona alinipa pole! Alidhani nimeonewa. Alikuwa bado anaamini kwamba alimuua mtu aliyemvunja ndugu yake taya, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlaza usingizi. Siku ya nne nikamwambia.

Alikuwa na nyundo mkononi. Akanikamata mkono wa kulia akauweka juu ya jiwe, akaupiga mara tatu kabla askari hawajafika. Sikuuvuta. Vidole vyote vilipondeka. Halafu akaiangusha nyundo akakaa chini kwenye vumbi, akaanza kulia kwa sauti, askari wakimtandika virungu mgongoni naye hajali.

"Alinisalimu!" akawa anasema. "Alinisalimu, na mikate alikuwa akituletea sisi!"

Kazungu hakumaliza kifungo. Aliacha kula mpaka akafa. Uhuru ulipofika tulisikia ngoma na mizinga kutoka ndani, wafungwa wanaruka na kukumbatiana, nami nilikuwa nimekaa karibu na mkeka wake mtupu.

Nilipotoka nilikwenda nyumbani, nikabisha hodi. Mama akafungua. Alinitazama vizuri sana, kuanzia usoni mpaka kwenye mkono uliolemaa. Nikasema shikamoo, mama.

"Marahaba," akaitika kwa adabu, kama anavyoitikiwa mpita njia. "Wamtaka nani, baba? Hapa naishi peke yangu. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, amekufa."

Akaufunga mlango taratibu. Aliishi miaka kumi na mmoja baadaye, na kila nilipobisha alinijibu maneno hayo hayo.

Wewe unayesoma haya, labda nawe una karatasi ya mwenzio mezani. Cheti chake, barua yake, jina lake. Labda umeshalikwangua. Nenda kwake leo, mwambie. Atakuchukia, na utakosa ulichokitaka, na watu watakucheka. Chekwa! Chukiwa! Na ukiulizwa ni nani aliyefanya, watu wakiwa wameshika mapanga na ndugu yako amekugeukia, usiangalie chini. Sema ni mimi. Mimi nililimeza neno hilo, na sikupata tena pa kulitemea.